Ajenda ya mkutano wa marais: anza kuiandika kutoka mwisho

Nikirudi nyumbani Lamu, lazima nikutane na swali hili barazani pale Mkunguni: marais wakikutana, nani huamua wazungumze nini? Vijana wengi hudhani ni kuandika tu "saa tatu ufunguzi, saa nne na nusu chai". Hiyo ni ratiba, kazi ya nusu siku. Ajenda hula miezi.

Tutumie mfano. Tuseme wakuu wa IORA, umoja wa nchi 23 zenye pwani kwenye Bahari ya Hindi, wanakuja Lamu. Umoja huo upo kweli, Kenya imo, na Ufaransa nayo imo kwa sababu ya kisiwa cha Réunion. Mkutano wao wa kwanza wa wakuu ulifanyika Jakarta tarehe 7 Machi 2017. Huu wa Lamu ndio tunaoubuni.

Hatua ya 1: Andika tamko la mwisho kwanza

Kabla hujapanga kikao hata kimoja, andika rasimu ya tamko ambalo viongozi watalitoa wakimaliza. Kurasa mbili zinatosha. Kila aya ijibu swali moja: siku ya pili asubuhi, kitu gani kitakuwa kimebadilika? Aya isiyo na jibu haina haja ya kikao.

Hatua ya 2: Pepeta

Shika ungo. Jambo ambalo maofisa waandamizi wanaweza kulimaliza, limalizwe huko. Linalowashinda lipande kwa mawaziri. Rais aletewe lile tu ambalo waziri hana mamlaka nalo, au ambalo mawaziri wamegombania mpaka wakachoka. Mada tatu ni nyingi; tano ni karamu ya maneno.

Kisha ipe kila mada kitenzi. Usiandike "Uvuvi haramu". Andika "Kuamua iwapo nchi wanachama zitapeana orodha ya meli zilizokamatwa zikivua bila leseni". Kwa ile ya kwanza kila mtu atahutubia. Kwa ya pili itabidi mtu aseme ndiyo au la.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya dakika

Hapa ndipo wageni wa kazi hii huumia. Ukimpa kila kiongozi dakika 7 za ufunguzi, 23 mara 7 ni 161, yaani saa mbili na dakika 41, na hakuna hata mmoja aliyegusa mada. Tena hiyo ni kama watatii saa. Kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Muammar Gaddafi alitengewa dakika 15 mwaka 2009 akazungumza zaidi ya saa moja na nusu. Fidel Castro, mwaka 1960, alikaribia saa nne na nusu.

Dawa yake: wafungue watu watatu au wanne, waliobaki wawasilishe hotuba kwa maandishi ziingie kwenye kumbukumbu. Balozi wao atalalamika. Mjibu kwa upole, usilegeze.

Hatua ya 4: Tangaza utaratibu wa majina

Niliwahi kupanga viti kwa alfabeti bila kusema ni alfabeti ya lugha gani. Afrika Kusini kwa Kiswahili iko mbele kabisa. Kwa Kiingereza inakwenda kwenye S. Ushelisheli inatoka U kwenda S. Tanzania, kwa jina lake rasmi la Kiingereza, inahamia U. Asubuhi ile maofisa itifaki watatu walinisimamia kichwani, kila mmoja na orodha yake. Siku hizi naandika lugha juu ya ukurasa na kuisambaza wiki mbili kabla.

Hatua ya 5: Fungua mabano

Maneno ambayo hayajakubaliwa hukaa ndani ya mabano ya mraba. Hesabu mabano kila jioni. Yakibaki mengi usiku wa kuamkia mkutano, punguza mada, usiongeze saa. Yakibaki mawili matatu, yapeleke kwenye kikao cha faragha: viongozi na wakalimani peke yao, dakika 90, bila hotuba. Kikao hicho wasaidizi hupenda kukijaza vitu. Wakatalie.

Hatua ya 6: Soma mahali

Ndege zinatua Manda, kisha watu wanavuka kwa boti. Mjini hakuna msafara wa magari. Vichochoro ni vya miguu na punda, kwa hiyo ongeza muda wa kutembea. Ijumaa acha mchana wazi kwa sala. Saa za maji kujaa ziandike pembeni kwa penseli, maana husogea kama dakika 50 kila siku, na kikao kikiahirishwa mpaka kesho yake, utakuwa na marais ngazini na boti imekaa chini kwenye kina kifupi.