Namna ya Kuchagua Gitaa la Besi na Pikapu Yake: Kwa Wapigaji wa Unguja na Pemba

Mtu aliyekulia Unguja au Pemba huwa ameshaisikia besi kabla hajaliona gitaa la besi. Ameisikia kwenye kidumbaki, pale mpiga sanduku anapouvuta mti kwa mkono mmoja na kuudonoa uzi kwa mkono mwengine, ukatoka mshindo mfupi unaokwisha kabla mwengine haujaja. Ameisikia pia kwenye taarabu, katika ile besi kubwa ya mbao inayopigwa kwa vidole nyuma ya mafidla. Naanza na hayo kwa sababu swali la gitaa gani linakufaa, na lenye pikapu (kidaka sauti kilicho chini ya nyuzi) ya aina gani, halijibiwi na jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gitaa. Hujibiwa kwanza na sauti ambayo sikio lako linaitaka, kisha na kikundi utakachokipigia, na baada ya hapo umeme na hewa ya visiwa vyetu navyo vina neno lao.

Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa yoyote, tenga siku chache za kusikiliza. Vikundi vya taarabu asilia tunavyo: Ikhwani Safaa tangu mwaka 1905 na Culture Musical Club tangu 1958. Kila Februari, tamasha la Sauti za Busara huleta Ngome Kongwe wapiga besi wa kila namna kutoka Afrika nzima. Kaa karibu na spika ya besi, umwangalie mpigaji anaweka wapi vidole, na ujiulize kama sauti unayoipenda ni ile nene inayokufa upesi au ile kavu yenye makali inayosikika neno kwa neno. Ukisikiliza kwenye simu, tumia visikilizio vya masikioni, kwani uzi mnene wa besi ukiachwa wazi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kabisa kuitoa sauti ya chini kiasi hicho. Wengi wamelikataa gitaa zuri kwa kulihukumu kupitia video waliyotumiwa.

Sasa tuje kwenye pikapu yenyewe. Ndani ya kile kijisanduku cheusi kilichopo chini ya nyuzi mna sumaku, na sumaku hiyo imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu. Waya huo uliozungushwa ndio uitwao koili. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake huusumbua uga wa sumaku, na usumbufu huo huzaa umeme mdogo sana kwenye ule waya, ambao hupelekwa kwenye amplifaya ukakuzwa. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazisikiki kwenye pikapu ya sumaku, hata uzipige kwa nguvu gani.

Jambo la kulizingatia kuliko yote ni mahali pikapu ilipokaa. Uzi haupepei sawasawa kila mahali: ukielekea kwenye shingo hupepea kwa upana, na ukielekea kwenye daraja linaloufunga huwa umekazana na kutikisika kidogo. Pikapu iliyo karibu na shingo hutoa sauti pana, ya mviringo, yenye kifua. Iliyo karibu na daraja hutoa sauti iliyobana, yenye makali, ambayo kila noti huonekana wazi. Nimewasikia watu wakibishana kutwa nzima kuhusu sumaku ya madini haya au yale. Tofauti hizo zipo, lakini ukisogeza pikapu sentimita chache tu sauti hubadilika zaidi.

Aina utakazokutana nazo mara nyingi ni tatu. Ya kwanza ni ile ya Precision Bass ya kampuni ya Fender, gitaa lililotoka Marekani mwaka 1951 na ambalo mwaka 1957 lilipewa pikapu iliyokatwa vipande viwili: kipande kimoja kinashughulikia nyuzi mbili nene, na kingine, kilichopishana nacho kidogo, nyuzi mbili nyembamba. Ni pikapu moja, yenye kizungushio kimoja cha sauti na kimoja cha toni (cha kuongeza au kupunguza makali), na sauti yake ni nene na ya kati. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alilitumia gitaa la aina hii. Ya pili ni ya Jazz Bass, lililotoka 1960: pikapu mbili nyembamba zenye koili moja moja, moja upande wa shingo na moja karibu na daraja, kila moja na kizungushio chake cha sauti, hata ukaweza kuzichanganya utakavyo. Ya tatu ni pikapu pana yenye koili mbili zilizolala sambamba. Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliiunda mwaka 1955 kwa ajili ya gitaa la kawaida ili kuua mvumo wa umeme, na katika besi ilijulikana sana kupitia StingRay, gitaa la besi la kampuni ya Music Man la 1976, ambayo sauti yake ina nguvu na makali, na wapigaji wa kuchapa nyuzi kwa kidole gumba huipenda mno.

Kuhusu mvumo nitakawia kidogo, kwa sababu kwetu si jambo dogo. Umeme wetu huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na pikapu yenye koili moja huudaka kutoka kwenye waya za ukutani, taa za mrija na transfoma, ikautoa spikani kama mvumo usiokoma. Noti iliyopo kwenye freti (kile kijiti cha chuma kinachokata shingo) ya tatu ya uzi mnene ina mitetemo 49, kwa hiyo mvumo huo unakaa karibu kabisa na noti unayoipiga kila siku na kuichafua. Pikapu iliyokatwa vipande viwili na ile ya koili mbili hazina tatizo hili, kwani koili zake zimepangwa kinyume na kila moja huufuta mvumo wa mwenziwe. Pikapu mbili za Jazz Bass kwa kawaida hufutana vivyo hivyo zikifunguliwa sawasawa. Ukiipunguza moja, mvumo hurudi.

Kulipima jambo hili ni rahisi. Chomeka gitaa, fungua sauti, usipige kitu, kisha geuka polepole hapo uliposimama, kama mtu anayetafuta kibla akiwa ugenini. Kwenye pikapu ya koili moja utausikia mvumo ukipanda na kushuka kadiri unavyogeuka. Baada ya hapo gusa nyuzi kwa kiganja. Mvumo ukipungua, hiyo ndiyo kawaida. Ukizidi, kuna waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini) uliokatika au kuungwa vibaya, kwenye gitaa au kwenye jengo. Ukihisi hata mchomo mdogo wa umeme vidoleni, chomoa na usirudie mpaka fundi umeme ameitazama amplifaya na soketi, hasa ikiwa utakuwa unaimba na mdomo wako uko karibu na maikrofoni.

Utaulizwa pia kama unataka gitaa lenye betri au lisilo nayo. Lenye betri lina saketi ndogo ndani ya kukuza sauti na kupandisha besi au makali, na huendeshwa na betri ya volti 9. Lina raha zake, lakini betri hiyo huanza kuliwa mara tu unapochomeka waya, hata kama hupigi. Niliwahi kuzimikiwa harusini kwa sababu hiyo: usiku uliotangulia nililiacha gitaa limechomekwa baada ya mazoezi, na katikati ya wimbo wa pili sauti ilianza kukwaruza, ikanywea, kisha ikapotea, akodioni ikabaki na ngoma tu. Tangu siku hiyo huchomoa waya kabla sijaliweka gitaa chini, na betri mpya haikosi mkobani. Ukilinunua la namna hiyo, fanya hivyo hivyo.

Kwa mpigaji anayeanza hapa kwetu, akitaka gitaa moja litakalomfaa katika taarabu, muziki wa dansi na kasida za skuli, mimi ninamshauri bila kusita achukue la pikapu iliyokatwa vipande viwili, lisilo na betri. Halivumi, halina vingi vya kuharibika, na ndilo linalokaribia zaidi besi kubwa ya taarabu. Lifunge nyuzi bapa, yaani zile ambazo zimezungushiwa utepe laini wa chuma badala ya waya wa mviringo. Hazikwaruzi chini ya vidole, na kwa kuwa hazina mifereji ya kuhifadhi jasho, kwenye hewa yetu ya chumvi huishi muda mrefu zaidi. Kisha kata kipande cha sponji ya godoro, kinene kama vidole viwili, ukipenyeze chini ya nyuzi mbele ya daraja. Punguza toni nusu, piga kwa kidole gumba, na utausikia mshindo wa sanduku ukitoka kwenye spika. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikaa nikirudia noti moja mpaka jirani akaja kuuliza nimepata chombo gani kipya.

Hali hubadilika ukipigia taarabu ya kisasa, ambamo kinanda kimeshajaza sauti za chini na ngoma za mashine hazinyamazi. Hapo sauti nene huzama isionekane, na Jazz Bass yenye pikapu ya darajani iliyofunguliwa zaidi, au pikapu ya koili mbili, itakutoa mbele. Na kama wewe ni mpiga udi au fidla unayehamia besi, fikiria gitaa lisilo na freti, kwa vile mkono wako umeshazoea kuitafuta noti bila kuwekewa alama, na utaweza kuteleza baina ya noti kama maqamu, zile ngazi za noti za Kiarabu, yanavyotaka. Jaco Pastorius, mpiga besi wa Marekani, alilipiga Jazz Bass la 1962 lililong'olewa freti, na pikapu ya karibu na daraja ndiyo iliyomfanya aimbe kwa besi. Kwa asiyewahi kupiga chochote, silishauri. La nyuzi tano, ambalo uzi wake wa ziada kwa kawaida hushuka chini zaidi, liache mpaka uwe na spika kubwa.

Dukani, au nyumbani kwa anayeuza gitaa lililotumika, kaa nalo kwanza bila kulichomeka. Uzi wa besi ya kawaida, kutoka kichwani hadi darajani, una urefu wa inchi 34, sawa na sentimita 86. Yapo mafupi ya inchi 30, kama lile la Höfner alilolitumia Paul McCartney wa Beatles, nayo ni mazuri kwa kijana au mwenye mkono mdogo. Shingo ya Jazz Bass ni nyembamba pale juu, milimita 38 hivi, ya Precision ni pana zaidi. Lipakate muda wa nyimbo tatu au nne. Shingo ikiwa inaanguka kila unapoachia mkono, bega lako litalipa usiku mzima.

Kisha chomeka, punguza sauti ya amplifaya, na kwa ncha ya bisibisi gonga polepole kila kichwa cha sumaku. Kila kimoja kitoe "tok" inayolingana na ya wenziwe. Kwenye pikapu iliyokatwa, upande mmoja ukinyamaza, koili yake imekufa. Zungusha vizungushio vyote, kwani unyevu wa bahari huvila na kuvifanya vikwaruze. Dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme mara nyingi huponya, lakini ni haki yako kuitaja kwenye bei. Ikiwa uko Chake Chake na gitaa liko mjini Unguja, mwombe mpigaji unayemwamini alijaribu kwa mkono wake.

Ukishalifikisha nyumbani, lipo jambo moja ambalo wengi hawalifanyi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho na upime nafasi kati yake na pikapu. Milimita 2 hadi 3 ni pahala pazuri pa kuanzia. Ikikaribia mno, sumaku huuvuta uzi na noti hupepesuka. Ikiwa mbali mno, sauti hudhoofika. Geuza skrubu za pikapu robo mzunguko, piga nyuzi zote nne kwa nguvu ile ile, sikiliza, geuza tena, mpaka hakuna uzi unaowazidi wenziwe.