Mtoto anavua mashine ya masikio kila saa? Soma hii kabla hujakata tamaa

Wazazi wengi wa watoto viziwi tukishamaliza operesheni ya implanti ya koklea, yaani mashine ya kumsaidia mtoto kusikia, tunadhani kazi imeisha, kumbe ndo kwanza inaanza. Implanti hiyo ina sehemu mbili, ile ya ndani daktari ameshaiweka chini ya ngozi nyuma ya sikio, hiyo wewe huna la kuifanya, ila ya nje, yaani prosesa (kile kimashine kinachopokea sauti) na koili yake yenye sumaku inayonasa kichwani, hiyo ndo yako mzazi, na ikikaa mezani hata ile ya ndani imelala. Lengo lako ni moja, ikae kichwani muda wote mtoto akiwa macho.

Siku ya kuwasha mashine kwa mara ya kwanza, mara nyingi wiki 2 hadi 4 baada ya operesheni, usitegemee ageuke ukimwita jina. Anaweza kulia, akatulia ghafla, au akaendelea kucheza kama hamna kitu. Anachopata ni umeme unaochochea mshipa wa fahamu na ubongo unahitaji miezi kuuzoea, so umri wake wa kusikia anza kuuhesabu siku hiyo, presha itapungua.

Sasa kuvua. Mvalishe akiamka tu, kabla hajashika kitu kingine, halafu mpe kazi ya mikono. Akivua usipige kelele wala kumkimbiza maana itageuka mchezo, we rudisha tu kimyakimya, hata mara ishirini. Ila angalia anavua SAA NGAPI. Akivua kila kukiwa na makelele au anapepesa macho kila sauti ikipiga, huenda imesetiwa juu sana, mpigie odiolojisti, yule mtaalamu wa kusikia anayeiseti mashine, usisubiri klinik ijayo. Ngozi chini ya sumaku ikiwa nyekundu, sumaku ina nguvu kupita kiasi, ikidondoka ovyo basi ni dhaifu au nywele zimekuwa nyingi. Kofia nyepesi au kitambaa cha kichwani kinasaidia, isizibe maiki tu, na ule uzi wa klipu unaozuia prosesa isipotee ikidondoka ubane mgongoni kwenye nguo asipoufikia.

Kila asubuhi jaribu zile sauti sita za Ling, kipimo kifupi cha kuona kama anasikia sauti nene hadi nyembamba: a, u, i, m, sh, s. Kaa asipoona mdomo wako. Kama jana aligeuka kwa s na leo hasikii, anza na betri na waya kabla hujamlaumu mtoto.

Usiku prosesa ilale kwenye boksi la kukaushia, jasho linaziua hizi mashine. Betri za duara zifungiwe kabisa, akimeza moja ni hospitali muda huohuo, inaunguza koo. Na chanjo ya nyumokoka (bakteria wanaoweza kuleta homa ya uti wa mgongo) usiipuuze, watoto wenye implanti wana hatari zaidi ya kuipata homa hiyo, kwahiyo homa kali na shingo kukakamaa sio ya kusubiri kesho. Akitakiwa kupigwa MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayotumia sumaku kubwa, sema mapema ana implanti.

Kuna watakaokwambia uache lugha ya ishara ili asizembee kusikiliza, mimi sikubaliani hata kidogo, bafuni na usiku mashine imetoka na bado anataka kukwambia tumbo linauma.

Alafu prosesa nyingi siku hizi zinarekodi masaa zilizovaliwa, odiolojisti anayaona yote kwenye kompyuta, kwahiyo akikuuliza sema tu ukweli.