Kurekebisha geji ya joto la injini isiyosema kweli katika gari la zamani

Hapa Malindi chumvi ya bahari huzila nyaya za gari mapema, na geji ya joto huwa miongoni mwa vifaa vya kwanza kuathirika, kwa kuwa hutegemea umeme mdogo unaopita kwenye sensa (kifaa kinachopima joto la maji ya injini) na kurudi betri kupitia chuma cha injini. Juzi nilimsaidia jirani wa Shela ambaye mshale wa pikapu yake ulikuwa ukikaribia alama nyekundu kila magharibi. Alikuwa amekwisha kununua rejeta na thamostati (vali inayofungulia maji njia yakipata moto) mpya pasipo haja, ndiyo maana nimeona niandike utaratibu huu. Unahusu geji ya mshale yenye sensa ya waya mmoja, aina iliyo katika magari mengi ya miaka ya 1970 na 1980.

Hatua ya kwanza ni kujua joto la kweli. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta uhakikishe maji yamejaa, kwa maana sensa iliyobaki hewani husoma chini hata injini ikiwa inaungua. Kifuniko hicho kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto. Baadaye, injini ikishapata moto, pima karibu na nyumba ya thamostati kwa kipimajoto cha miale, kile kinachopima bila kugusa. Chuma kinachong'aa hukifanya kipimajoto hicho kisome pungufu, basi bandika kwanza kipande cha tepu nyeusi na upime juu yake. Thamostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88 za Selsiasi. Ukipata joto la kupita kiasi, achana na geji na ushughulikie injini.

Hatua ya pili, washa swichi ya ufunguo na uchomoe waya wa sensa: mshale ushuke hadi baridi. Ugusishe waya huo kwenye injini kupitia balbu ndogo ya volti 12 na wati 3.4, nao mshale unapaswa kupanda. Ikiwa hivyo, geji na waya wake ni vizima. Usiugusishe moja kwa moja kwa muda mrefu, kwani geji nyingine huungua.

Hatua ya tatu ni athi, yaani njia ya umeme kurudi betri, na hapa ndipo mafundi wengi hupotezea mchana mzima. Washa injini, kisha washa taa kubwa huku ukiutazama mshale. Ukipanda papo hapo, ilhali maji hayawezi kupata moto kwa nukta moja, basi tatizo ni la umeme. Ndivyo ilivyokuwa kwa jirani yangu, ambaye magharibi ndio wakati wa kuwasha taa. Taa zikiwa zinawaka, weka ncha moja ya maltimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye chuma cha injini na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri: tofauti ikizidi volti 0.2, waya wa athi wa injini una kasoro. Pima vivyo hivyo kwenye waya wa athi wa dashibodi, maana geji ya mafuta ikipanda pamoja na ya joto, kasoro huwa huko, au katika kifaa kidogo cha kudhibiti volti kinachozilisha geji zote mbili. Usidanganywe na macho. Waya wa pikapu ile ulikuwa mzima kwa nje, lakini tulipoubonyeza karibu na kichwa chake ulimwaga unga wa kijani, shaba ikiwa imeliwa ndani ya mpira. Ondoa kwanza kichwa hasi cha betri, kata waya hadi shaba safi au uweke mpya mnene, piga msasa mahali unapofungwa hadi chuma king'ae, kaza, na ndipo upake grisi juu. Taa ya kupimia haitoshi kwa kazi hii, kwa kuwa huwaka hata athi ikiwa mbovu. Nunua maltimita, hata ya bei nafuu.

Hatua ya nne, ikiwa kasoro bado ipo, fungua sensa injini ikiwa baridi. Itumbukize ncha yake katika sufuria kuukuu ya maji isiyotumika tena kwa chakula, bila kugusa chini, na upime kwa maltimita ukinzani (jinsi sensa inavyozuia umeme) maji yakiendelea kupata moto. Ukinzani unatakiwa kushuka taratibu bila kurukaruka. Sisi wa pwani tuna bahati, kwani usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100, hivyo una kipimo cha uhakika cha kulinganisha na kitabu cha gari lako.

Unaporudisha sensa, usizungushe tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi zake za skrubu, kwa sababu athi yake hupitia hapo hapo. Washa ya shaba, ile pete bapa, yatosha. Wapo wanaoongeza rezista (kifaa kidogo cha kupunguza umeme) kwenye waya ili mshale ushuke. Mimi nakubali hilo pale tu sensa na geji ni za magari tofauti na joto la kweli limekwisha kupimwa. Vinginevyo rezista hiyo itakuficha ukweli siku injini itakapochemka kweli.