Shifti ya masaa 12: ovataimu yako piga hesabu mwenyewe

Chukua salari slipu yako, angalia mshahara wa msingi tu, achana na nauli na posho ya nyumba, maana hapa Tanzania ovataimu inapigwa kwenye basiki. Hiyo basiki gawa kwa 195. Kwanini 195? Sheria ya ajira ya 2004 inasema wiki ni masaa 45, na mwezi unahesabiwa wiki 4.333, zidisha utaipata. Kiwanda nilichofanya mimi jamaa wa mishahara alikuwa anagawa kwa 240 eti siku 30 mara masaa 8, tukawa tunaliwa kila saa na tunasaini tu.

Tuseme basiki ni laki tatu na tisini. Saa moja ni 2,000, ovataimu ni mara moja na nusu kwahiyo 3,000. Kwa ile 240 ya jamaa ungeambulia 2,437!

Haya, umeingia saa 12 jioni umetoka 12 asubuhi, saa 6 mpaka 7 usiku mlikuwa mnakula. Saa ya msosi haihesabiwi, labda kama walikulazimisha kula huku unalinda mashine. Kwahiyo umepiga masaa 11: tisa ya kawaida, mawili ovataimu, hapo 6,000. Sasa hii ndo wengi hawaijui, kuanzia saa 2 usiku mpaka 12 asubuhi kila saa ina nyongeza ya asilimia 5. Yale masaa saba ya kawaida ya usiku mara 100 ni 700, na ya ovataimu asilimia inapigwa kwenye 3,000 sio 2,000, yaani 150 mara mbili, 300. Jumla usiku huo unadai 7,000 juu ya mshahara.

Ukiitwa siku yako ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili, 4,000 kwa saa.

Ila ukipiga shifti hizo siku sita, kwa wiki ni masaa 66, toa yale 45 ya kawaida, ovataimu 21, wiki nne 84, na sheria mwisho 50, hapo bosi keshavuka.

Kabla hujaenda kugombana soma mkataba, kuna makubaliano ya maandishi ya kufanya mpaka masaa 12 kwa siku bila ovataimu, mradi siku zisizidi tano na masaa ya kawaida yasizidi 45 kwa wiki. Kama ulisaini hiyo, masaa yako mawili ya kila usiku ndo hayapo.