Andika masharti mbele ya kutaja jina: namna ya kukata shauri kama unaongoza watu kazini

Bandugu mnaoongoza watu, ikiwa ni depo, garaje, masomo ao biro ya watu wanane tu, kuna kitu kimoja chenye nilijifunza kwa kuumia. Shauri yetu mara mingi inaharibika hata reunio haijaanza, juu kila mtu anaingia na jibu yake tayari mfukoni, na yenye tunaita kuzungumza inakuwa kutafuta maneno ya kupamba jibu ile, na kama jibu ni ya patro basi wote tunaitika tunarudi kwa kazi.

Njia nitaeleza hapa haikutoka kwangu. Wamarekani wawili, Charles Kepner na Benjamin Tregoe, walikuwa watafiti kule RAND, kituo kimoja cha utafiti cha Amerika, miaka ya 1950, wakachunguza namna watu wa jeshi la anga wanakata shauri, kisha mwaka 1958 wakafungua sosiete yao ya kufundisha mameneja. Walitenganisha vitu vyenye siye tunachanganya kila siku: kutafuta chanzo cha shida ni kazi moja, kuchagua njia ni kazi ingine, na kuwaza nini itaharibika kesho ni kazi ya tatu. Ukizifanya zote kwa mara moja, kichwa kinazunguka.

Kwa hiyo swali ya kwanza kabisa: unatafuta chanzo ao unachagua? Hapa ndipo watu wengi wanaanguka.

Nilikuwa nachunga depo tatu za bunga hapa Lubumbashi, moja komini ya Katuba, moja komini ya Kenya, moja komini ya Ruashi. Mvua ya Januari, magunia inaanza kufika imelowa, bunga imeshikana kama udongo, makiliya wanarudisha. Biro yote ilisema tubadilishe mwenye kutuuzia, bei za mwingine zilikuwa tayari juu ya meza. Mama kontabli wetu ndiye aliuliza, "papa, tunajua ni yeye kweli?" Hatukujua. Nikakamata kaye, nikapiga mustari katikati ya ukurasa, kushoto nikaandika IKO, kuume HAIKO, na chini yake maswali ine: nini, wapi, lini, kiasi gani.

Nini? Bunga iko inalowa, mchele haiko, na mchele unakuja na kamio ingine. Wapi? Ruashi iko, Katuba na Kenya haiko, lakini mwenye kutuuzia wote ni mmoja. Hapo tu ungeona yule mtu anaanza kutoka kwa kesi. Lini? Mizigo ya Alhamisi iko, ya Jumatatu haiko. Kiasi gani? Magunia ya juu, upande wa nyuma, ya chini imekauka vizuri. Sasa kila chanzo yenye mtu anataja inapaswa ieleze pande zote mbili, kwa nini huku iko NA kwa nini kule haiko, na yenye inashindwa upande wa kuume unaifuta hata kama ni ya mkubwa. Iliyobaki ilikuwa kamio ya Alhamisi. Tulipanda juu, tukamwaga ndoo moja ya maji: bashe ilikuwa imepasuka kwa kona ya nyuma. Kama tungebadilisha mwenye kutuuzia, tungelowa tena na bunga ya mwingine.

Usiruke ile ndoo ya maji. Chanzo ya kwenye karatasi ni wazo tu mpaka uijaribu, na kuijaribu mara mingi ni rahisi kuliko kukata shauri mbaya.

Sasa kuchagua. Kamio ile ilikuwa imezeeka, bashe mpya haingeiponyesha, tulipaswa kutafuta njia ingine ya kubeba mzigo. Anza kwa kuandika sentensi moja yenye inasema unachagua nini, bila kutaja jibu ndani yake. "Tununue kamio gani" ni sentensi mbaya, juu imeisha kukata kwamba tunanunua. Siye tuliandika: "namna gani mzigo ufike depo zote tatu mwaka huu." Milango ikafunguka.

Halafu masharti, na hapa naomba unisikilize sana: yaandikwe mbele ya mtu yeyote kutaja jina la kamio wala la mwenye kamio. Kuna masharti ya lazima, na jibu yake ni ndiyo ao hapana tu, hakuna katikati. Yetu yalikuwa matatu: ibebe tani 10, isipite dola 25.000 kwa mwaka wa kwanza, na iwe imeanza kazi mbele ya mvua ya Novemba. Kisha kuna vyenye tunapenda, navyo unavipa uzito, kutoka 1 mpaka 10. Tuliweka gharama ya mwaka 10, kufika kwa saa 8, kulinda mzigo na mvua 7, urahisi wa kubadilisha baadaye 4.

Majina yakaja: kununua kamio ya okazo, kukodi kamio na shofere wake kwa mwezi, kulipa transporta kwa kila safari, na kamio ya rafiki wa patro yenye ilikuwa bei nzuri sana lakini inabeba tani 7. Ile ya ine ilitoka kwa lazima, dakika moja, hakuna mtu aliona haya wala kukasirika, juu patro mwenyewe alikuwa ametia sahihi kwenye tani 10 juma moja mbele. Ndiyo maana nasema masharti kwanza.

Tatu zilizobaki unazipa alama mpaka 10 kwa kila kitu, unazidisha na uzito, unajumlisha. Kununua ilipata 7, 10, 10 na 3, yaani 70+80+70+12, jumla 232. Kukodi 6, 9, 8 na 8, jumla 220. Transporta 10, 4, 5 na 10, jumla 207.

Wengi wanafunga kaye hapa wanashangilia 232. Usifunge. Tofauti ya 12 ni ndogo, na alama zile ni watu wamezitoa kichwani. Cheza na uzito mmoja mmoja uone. Siye tulipandisha urahisi wa kubadilisha kutoka 4 mpaka 7, kununua ikawa 241 na kukodi ikawa 244. Imepinduka! Basi tukajua bishano yetu iko wapi hasa, si kwa bei wala kwa mvua, ni kwa swali moja: mwaka kesho tutakuwa bado na depo tatu? Kontra ya nyumba ya Ruashi ilikuwa inaisha Juni na mwenye nyumba hakuwa amejibu. Tukakodi.

Kisha kuwaza mabaya, mbele ya kutia sahihi. Kuna mtaalamu wa saikolojia, Gary Klein, aliyeandika mwaka 2007 juu ya namna moja yenye ninapenda: unaambia timu "miezi imepita, mpango umekufa kabisa, kila mtu aandike kwa nini umekufa", peke yake, kimya, dakika chache. Watu wenye kuogopa kupinga patro wanaandika bila woga, juu sasa hawapingi, wanaeleza. Kijana wa depo aliandika "shofere aligonjwa, hakuna mwingine anajua njia". Hakuna mmoja kati yetu wakubwa alikuwa amewaza ile. Kwa kila baya andika vitu viwili, nini inaizuia isije na nini tutafanya ikija. Kwa shofere tuliomba kontra iandike shofere wa pili, na kijana wetu mmoja apande naye juma mbili ashike njia.

Mwisho karatasi yote, na alama zake na tarehe, inabaki ndani ya kaye, si kwa telefone ya mtu mmoja. Chini yake andika unategemea nini itatokea na siku ya kuifungua tena. Yetu tuliandika tarehe 30 Juni, siku kontra ya Ruashi inaisha.