Jinsi ya Kuufanya Ubongo Uukubali Mkono wa Mpira

Mara ya kwanza kujaribu kumfanya mtu auhisi mkono wa mpira kama wake, nilishindwa vibaya. Mdogo wangu aliukodolea macho mkono bandia dakika tano nzima, kisha akaniuliza kama tumemaliza. Kosa lilikuwa langu: brashi zangu mbili hazikuwa zikigusa kwa wakati mmoja, na siri yote iko hapo.

Jaza glavu ya mpira kwa pamba mpaka ipate umbo la kiganja. Tuseme unaficha mkono wa kushoto. Basi glavu nayo iwe ya kushoto. Tafuta pia brashi mbili ndogo zinazofanana, kipande cha boksi cha kukinga, na kitambaa kikubwa.

Mwenzako akae mezani, mkono wake aulaze nyuma ya boksi asiuone. Glavu iweke mbele yake, kama sentimita 15 kutoka mkono halisi, vidole vikielekea upande uleule. Ukiilaza kimshazari, ubongo unaikataa. Tandaza kitambaa kutoka begani hadi mwanzo wa glavu, ionekane kama imeota mwilini mwake.

Sasa pitisha brashi, moja kwenye glavu na nyingine kwenye mkono uliofichwa. Kidole cha shahada kwa kidole cha shahada, fundo kwa fundo, kwenda upande mmoja, sekunde ileile. Nyamazeni. Yeye atazame glavu tu. Wengi huanza kutabasamu kwa mshangao baada ya dakika mbili tatu. Wapo wasiohisi lolote, usiwalazimishe.

Usimuulize, "Mkono wa mpira ni wako?" Hapo umeshamtafunia jibu. Mwambie afumbe macho, apitishe mkono wa kulia chini ya meza na aonyeshe kilipo kidole chake cha kushoto. Pima hivyo kabla na baada. Safari ya pili mdogo wangu alionyesha mahali paliposogea upana wa vidole vitatu kuelekea kwenye glavu, akabisha mpaka nikamwonyesha alama za chaki.

Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walilichapisha jaribio hili mwaka 1998. Jicho linaona brashi pale, ngozi inahisi brashi wakati huohuo; ubongo unaamua hilo ni tukio moja, na kwa habari za mahali humwamini zaidi jicho. Barry Stein, mwanasayansi wa ubongo, alikuta katika ubongo wa kati wa paka seli zinazopokea kuona, kusikia na kuguswa kwa pamoja. Dalili mbili hafifu zikifika pamoja kutoka sehemu moja, seli hiyo huweza kuitikia kwa nguvu kuliko jumla ya zote mbili.

Kisha rudia, brashi moja ikichelewa nusu sekunde. Kwa wengi uchawi unafifia, na mimi naona raundi hii ndiyo tamu kuliko zote.

Wengine humalizia kwa kuipiga glavu nyundo ya ghafla. Nimeacha. Mjomba wangu aliruka akajigonga goti kwenye meza, na goti lile halikuwa la mpira.