Kabla hujafungua stelingi ya Massey ya zamani

Masika inaanza Machi, kwa hiyo mwenye trekta la zamani huku Tanga ashike stelingi sasa hivi, asingoje siku ya kulima. Mi ninalo Massey Ferguson 135 aliloliacha baba, aina iliyoanza kutoka 1964, halina pawa stelingi. Usukani ulikuwa unazunguka karibu robo nzima ndo tairi liitikie, fundi akasema ni boksi la stelingi, lile lenye meno chini ya usukani, nikanunua boksi kwa hela ya msimu mzima, tukafunga, na bado likacheza vilevile. Kumbe ni boljointi mbili, vile viungo vya mviringo kwenye ncha za vyuma vinavyovuta tairi, na bushi za kingpini, yaani mikono ya chuma inayovishwa kwenye ule mhimili wa wima ambao tairi la mbele hugeukia. Iliniuma sana na sitaki imkute mtu mwingine.

Kwa hiyo kabla ya spana tafuta kwanza kinachocheza ni kipi. Zima injini, matairi yakiwa chini, mtu mmoja akae juu atikise usukani kushoto kulia kidogokidogo, wewe pita chini ushike kila boljointi kwa kiganja. Iliyochoka utaisikia inagonga mkononi hata kama kwa macho imetulia. Alafu nyanyua mbele, shika tairi juu na chini ulisukume na kulivuta, ikicheza habu (kitovu cha gurudumu) peke yake ni beringi, ikicheza pamoja na kingpini yenyewe basi ni bushi.

Kwenye kunyanyua hapo naomba muwe makini jamani. Eksele ya mbele imeshikwa na pini moja katikati, inayumba kama mizani, ukipiga jeki bila kuifunga trekta linaweza kulala upande. Zuia matairi ya nyuma kwa mawe, piga kabari za mbao ngumu kati ya eksele na bodi pande zote mbili, weka magogo ya kupokea, usiingie chini likiwa limeshikwa na jeki tu.

Spea uwe nazo mkononi kabla hujafungua. Madukani Ngamiani, hapa Tanga mjini, ukikosa utaagiza Dar zije na basi, na trekta lililofumuliwa likiingia masika ni hasara tupu. Bushi ukienda kuchongesha beba na kingpini yenyewe, maana ikishalika upande bushi mpya haikai. Nunua spliti pini mpya, vile vipini vya kukunja vinavyozuia nati isifunguke, za zamani usirudishe.

Huku pwani chumvi inang'ang'aniza nati, lowesha na dizeli tangu jana yake. Kabla ya kutoa tairodi, kile chuma kirefu kinachovuta tairi, pima urefu wake uandike, hesabu na mizunguko wakati unafungua boljointi, la sivyo matairi yatatazamana vibaya na yatalika haraka. Mkono wa boksi piga alama kwa tindo kabla ya kuuchomoa. Boljointi ikigoma usigonge kwenye nyuzi zake, acha nati imeshika kidogo ugonge ubavuni mwa jicho lililoishika, nyundo mbili pande zote kwa pamoja, itaachia.

Na msichomelee mikono ya stelingi wala tairodi, tafadhali. Mashine hii ina tairodi mbili, kila tairi na yake, ikikatika moja tairi hilo linajiendea lenyewe, sasa fikiria uko na trela la mkonge barabara ya Segera na lori linakuja mbele.

Boksi likicheza kidogo tu usilikaze mpaka mwisho, limelika zaidi pale katikati unapoenda moja kwa moja, ukiua mchezo hapo litabana ukikata kona. Angalia tu oili nzito namba 90 ipo.

Ukimaliza piga grisi hadi ile chafu itoke yote, tundu lisilopitisha lizibue, kingpini yangu ilikauka kwa ajili ya tundu moja lililoziba udongo. Alafu kata kona mpaka mwisho pande zote, zunguka shambani bila mzigo, na jioni kaza tena nati za magurudumu na uangalie kila spliti pini ipo na imekunjwa.